Kutoka Nasik hadi Mtaa wa Mbotela: Shule ya Misheni ya Ng'ambo na Usimulizi wa Watumwa Waliokombolewa

1.0 Utangulizi

Mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, ina majina ya aina mbili. Yako yale yanayojieleza yenyewe kwa Kiswahili, kama vile Pumwani, Shauri Moyo na Bahati. Yako pia yale yaliyotokana na watu waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati Halmashauri ya Jiji ilipokuwa ikijenga nyumba za Waafrika kwa wingi. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa Novemba 1952, mwezi mmoja hivi baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Mkazi wa Eastlands hulitaja jina hili apandapo matatu na amwelekezapo mgeni nyumba. Ni nadra kulitaja kama jina la mtu, na ni nadra zaidi kulitaja kama jina la fasihi.

Hata hivyo, jina hili ni la fasihi. Tom Mbotela alikuwa wa ukoo uliotokana na watumwa waliokombolewa na kupewa makao Frere Town, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa. Katika ukoo huo alitoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa na Sheldon Press, London, mwaka 1934, ambacho hakikosi kutajwa kila inapozungumziwa historia ya nathari ya Kiswahili. Nayo Frere Town haikuanza yenyewe. Watu waliotangulia kuiendesha walilelewa katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya bahari, huko Nasik, Bara Hindi.

Makala haya yanafuata njia hiyo, kutoka Nasik hadi Frere Town, na kutoka Frere Town hadi Eastlands. Hoja inayotetewa ni kwamba shule ya misheni ya ng'ambo ilikuwa, tangu mwanzo, mahali pa kutembelewa na kutazamwa, na kwamba hali hiyo ya kutazamwa ilizaa namna maalumu ya kusimulia. Mhakiki asiyeitambua namna hiyo atamhukumu Mbotela kwa kosa lisilokuwa lake, na atakosa kuuona ujasiri uliokuwa wake.

2.0 Nasik: Shule na Wageni Wake

Baada ya manowari za Kiingereza kuanza kukamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, lilizuka swali la mahali pa kuwapeleka mateka waliookolewa. Wengi walishushwa Bombay. Watoto miongoni mwao walipelekwa Nasik, mji mtakatifu wa Wahindu ulio kando ya mto Godavari, kaskazini mashariki ya Bombay. Hapo Mchungaji William Salter Price wa CMS alikuwa amekwisha kuanzisha kijiji cha Kikristo kilichoitwa Sharanpur, yaani mji wa hifadhi. Watoto wa Kiafrika walifundishwa kusoma, kuandika na Biblia, pamoja na kazi za mikono kama useremala na uhunzi.

Shule ya namna hii haikuweza kuishi bila wageni. Fedha zake zilitoka kwa waumini waliokuwa mbali, na waumini hao walihitaji kujua kwamba sadaka yao imezaa matunda. Matunda yalikuwa watoto wenyewe. Kila mgeni mashuhuri aliyefika alikuwa shahidi ambaye angerudi kwao na kueleza alichokiona: mtoto aliyetolewa katika jahazi sasa anasoma, anaimba na anafanya kazi. Kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na kazi mbili. Alijifunza, na papo hapo alionyeshwa kama ushahidi wa kujifunza kwake.

Wageni wawili wana umuhimu wa pekee katika historia ya Afrika Mashariki. Wa kwanza ni David Livingstone, ambaye mwaka 1865 alitafuta huko Nasik vijana wa kufuatana naye katika safari yake ya mwisho. Aliondoka na vijana tisa. Mmoja wao aliitwa Simon Price, jina lenye ukoo wa Price, sawa na mkuu wa shule. Jambo hili si dogo kwa mhakiki. Katika jamii walizotoka watoto hawa, jina lilimfunga mtu kwa mababu zake. Katika shule ya misheni jina lilimfunga kwa wafadhili wake. Kabla kijana hajasema neno lolote juu ya maisha yake, jina lake lilikuwa limekwisha kutoa shukrani.

Mgeni wa pili ni Sir Bartle Frere, aliyekuwa Gavana wa Bombay toka mwaka 1862 hadi 1867. Mwaka 1873 alipotumwa Unguja kujadiliana na Sayyid Barghash juu ya biashara ya watumwa, alipita pia Mombasa na Rabai na kuiona kazi ya CMS. Mkataba wa kukomesha biashara hiyo kwa njia ya bahari ulitiwa sahihi Juni 1873. Frere alishauri kwamba waliookolewa wapewe makao katika pwani ya Afrika yenyewe, badala ya kuvushwa bahari. CMS ilikubali, ikamteua Price yule yule wa Nasik kuja kuanzisha makao hayo. Mwaka 1875 ardhi ilinunuliwa mkabala na Mombasa. Makao hayo hayakuitwa kwa jina la mkombolewa yeyote. Yaliitwa kwa jina la mgeni.

3.0 Waliosomeshwa Ng'ambo na Lugha ya Ripoti

Waliokuja kuyasimamisha makao hayo ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Wachache kati yao, kama William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wamekwisha kufika Rabai katika miaka ya 1860. Wengine walimfuata Price. Hawa walikuwa walimu, mafundi, wakalimani na wahubiri. Walijua lugha zaidi ya moja, na aghalabu Kiswahili hakikuwa cha kwanza kati yao.

Mfano wa Jacob Wainwright unatosha kuonyesha jinsi elimu ya Nasik ilivyowapa kalamu na wakati huo huo ikawaamulia pa kuielekeza. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi ulipozikwa moyo wake, na ndiye aliyechonga maandishi katika mti wa mahali hapo. Alifuatana na maiti hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Aliandika shajara ya safari ya kuubeba mwili huo kutoka bara hadi pwani. Aliiandika kwa Kiingereza, na tafsiri yake ya Kijerumani ilichapishwa mwaka 1874. Safari iliyofanywa na Waafrika, na kuandikwa na Mwafrika, ilisomwa kwanza Ulaya.

William Jones ni mfano mwingine. Mwaka 1885 alipewa ushemasi pamoja na Semler na Askofu James Hannington, na mwaka huo huo akafuatana naye katika safari ya kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885. Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliosalia kurudi pwani, ukiingia Rabai na kibendera cha buluu kilichoshonwa neno moja la Biblia, Ichabod, yaani utukufu umeondoka. Hapa msomi wa fasihi hana budi kusimama. Mtu huyu alikuwa kiongozi wa msafara uliovunjika, na katika msiba wake alijua ni neno gani litasomwa mara moja na wale watakaompokea. Neno hilo lilikuwa limetoka darasani. Huo haukuwa unafiki. Huo ndio msamiati wa huzuni aliokuwa amepewa.

Hali haikuwa tofauti sana Unguja, kwenye misheni ya UMCA. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule za misheni hiyo kuhusu makwao, jinsi walivyokamatwa na safari zao za utumwani. Watoto waliandika, Madan akatafsiri na kuhariri. Kilichomfikia msomaji kilikuwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, baadhi ya masimulizi ya mapema kabisa ya watumwa waliokombolewa wa Afrika Mashariki yaliandikwa ili yavuke bahari.

Ni vyema kulinganisha masimulizi hayo na habari za safari zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Yeye naye alisafiri chini ya Mzungu, na habari yake ilipigwa chapa na Mzungu. Lakini katika usimulizi wake Mswahili ndiye mtazamaji, nayo Ulaya ndiyo inayotazamwa. Kwa mtoto wa Nasik au Kiungani mambo yalikuwa kinyume. Tofauti hiyo haikutokana na kipaji. Salim alitazamiwa aeleze alichokiona. Mkombolewa alitazamiwa aeleze alichotendewa.

4.0 Uhuru wa Watumwa na Umbo la Ushuhuda

Uhuru wa Watumwa kilitokea karibu nusu karne baada ya Kiungani. Kwa kutegemea masimulizi ya wazee, kikiwamo kisa cha baba yake, Mbotela anaeleza maisha ya watu bara, jinsi walivyotekwa, safari ya kuja pwani, jahazi, manowari ya Kiingereza, na hatimaye Frere Town. Wahakiki wengi wamekishutumu kitabu hiki kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza. Wamekiita chombo cha itikadi ya kikoloni, na baadhi yao wamekitaja kwa sentensi moja tu na kupita.

Shutuma hiyo ina ukweli. Historia ya ukombozi ilikuwa na makunyanzi mengi kuliko shukrani ya kitabu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku baharini mwaka 1873, lakini hadhi ya utumwa katika sheria ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1907. Kwa miaka 34 basi, mtu aliweza kukombolewa majini na nduguye akabaki mtumwa halali nchi kavu. Watumwa waliowakimbia mabwana zao na kujificha katika misheni ya Rabai walikuwa tatizo kwa misheni yenyewe, na suala lao lilitulizwa tu pale kampuni ya IBEA ilipolipa fidia kwa mabwana wa watoro zaidi ya 1,400. Frere Town kwenyewe kulikuwa na malalamiko juu ya adhabu za viboko, hata uchunguzi ukafanywa mwaka 1881.

Hata hivyo, kumlaumu Mbotela kwa kushukuru ni kusoma maudhui na kuisahau fani. Umbo la kitabu chake lilikuwepo kabla yake. Mwendo wake wa kutoka gizani hadi nuruni, meli ikiwa katikati kama mlango, ndio mwendo uliotumika mbele ya wageni kwa miongo mingi. Mtoto wa Frere Town alikua akiusikia kanisani na shuleni. Chapa nayo ilikuwa na milango yake. Kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilikuwa ikisanifisha lugha na kupitisha vitabu vya shule, na Sheldon Press ilikuwa mkono wa jumuiya ya Kanisa la Uingereza ya kueneza maarifa ya Kikristo. Mwandishi Mwafrika wa mwaka 1934 aliyetaka kuchapisha kisa cha watumwa hakuwa na mlango mwingine mpana kuliko huo.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ndani ya umbo lile lile, Mbotela alifanya jambo gani ambalo halikufanywa kabla? Jibu liko katika lugha na katika msomaji aliyekusudiwa. Wainwright na Jones waliandika kwa Kiingereza. Wavulana wa Kiungani walitafsiriwa. Mbotela alikiacha kisa katika Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza ilisubiri hadi mwaka 1956. Kwa mara ya kwanza ushuhuda uliozoea kuvuka bahari ulibaki nyumbani, ukasomwa na watoto katika shule za Afrika Mashariki.

Uzito wa hatua hiyo unaeleweka vizuri pale tu inapokumbukwa maana ya utumwa katika pwani ya wakati ule. Katika jamii ya Waswahili, kinyume cha mtumwa hakikuwa mtu huru tu. Kilikuwa mwungwana, mtu mwenye nasaba, adabu na mji. Mkombolewa aliweza kupata uhuru kwa siku moja, lakini uungwana haukutolewa na manowari. Watu wa misheni walikuwa Wakristo katika mazingira ya Kiislamu, hawakuwa na ukoo uliotambuliwa na mji, na asili yao ilikuwa silaha mkononi mwa aliyetaka kuwadharau. Wengi waliotokana na watumwa walichagua kuificha asili hiyo, na hakuna wa kuwalaumu. Mbotela aliipeleka kiwandani ikapigwa chapa. Alitangaza, katika lugha ile ile iliyolibeba tusi, kwamba baba yake alikuwa mtumwa. Katika kitabu kilicholaumiwa kwa unyenyekevu mna tendo hili ambalo halina unyenyekevu hata kidogo.

5.0 Eastlands: Jina, Redio na Barua

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, elimu ya misheni za pwani ilipata soko jipya bara. Miongoni mwa waliofika katika mji huo mpya walikuwamo watu wenye asili ya Frere Town, ambao Kiswahili na kalamu viliwapa kazi. Maisha ya kisiasa ya Tom Mbotela ni tunda la mwendo huo. Alikuwa mtu wa siasa ya wastani, aliyeipinga njia ya Mau Mau, na kifo chake kilimfanya astahiki, machoni pa utawala, kuenziwa. Aprili 1954 Eastlands ilizingirwa katika Operesheni Anvil, maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Katika mwongo huo huo nyumba zilijengwa na kupewa majina. Kwa mara nyingine, kama huko Nasik na Frere Town, aliyetoa makao ndiye aliyetoa jina. Tofauti ni kwamba safari hii jina halikuwa la mgeni wala la mfadhili. Lilikuwa jina la Kiafrika lililovuka kutoka bara hadi pwani katika minyororo, likarudi bara kama jina la mtaa.

Ukoo huo huo ulizungumza na Eastlands kwa njia nyingine pia. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, aliendesha redioni kuanzia mwaka 1966 kipindi kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Kwa miongo mingi sauti yake iliingia katika vyumba vya Kaloleni, Makongeni na Jericho, ikiwauliza wasikilizaji juu ya tabia zao za kila siku. Kipindi kilipendwa kwa ucheshi na maadili yake. Lakini aisikilizaye historia ya neno ungwana hataacha kulisikia swali hilo kwa uzito mwingine. Yule ambaye mababu zake walinyimwa uungwana ndiye aliyekaa kwenye kipaza sauti akiitaka nchi nzima ijipime kwa kipimo hicho. Kutoka kueleza alichotendewa, ukoo ulifikia kuuliza wengine wanatendaje. Hapo nafasi ya mtazamwa na mtazamaji ilikuwa imebadilika.

Isidhaniwe kwamba namna ya zamani imekwisha. Katika Eastlands zipo shule na vituo vya watoto vinavyofadhiliwa na makanisa ya ng'ambo. Wageni huja, huimbiwa, hupiga picha na kurudi kwao. Mtoto hufundishwa kumwandikia mfadhili barua ya kueleza masomo yake, hali ya nyumbani na shukrani zake. Barua hizo ni maandishi ya kwanza ambayo baadhi ya watoto huandika kwa ajili ya msomaji wa kweli, nje ya daftari la mwalimu. Ni utanzu wenye kanuni zake, na kanuni hizo zina nasaba ndefu inayopita Frere Town na kufika ukingoni mwa mto Godavari. Ufadhili huo umewasomesha wengi ambao wasingesoma, na kuukejeli ni rahisi kwa aliyekwisha kusoma. Jambo linalodai uangalifu ni kwamba mtoto anayezoezwa kusimulia maisha yake kwa shukrani tu huenda akakosa zoezi la kuyasimulia kwa nduguze.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba shukrani katika maandishi ya waliokombolewa ni kaida ya fani iliyozaliwa na shule iliyotegemea wageni, na kwamba kuichukulia kama kipimo pekee cha msimamo wa mwandishi ni kosa la uhakiki. Kipimo kingine kinahitajika, nacho ni swali la nani anayesimuliwa. Kwa kipimo hicho Uhuru wa Watumwa kinasimama mahali pa mageuzi, kwa kuwa ndicho kilichoyaleta nyumbani masimulizi yaliyokuwa yakipelekwa ng'ambo.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kitabu hicho kisomeshwe sambamba na Kiungani, shajara ya Wainwright na Safari za Wasuaheli, ili mwanafunzi aone jinsi nafasi ya msimulizi mbele ya msomaji wake inavyoathiri umbo la kisa. Pili, masimulizi ya wazee wa Eastlands wenye asili ya Frere Town na Rabai yakusanywe kwa Kiswahili, katika mitaa wanayoishi, wangali hai wa kuyasimulia. Masimulizi hayo hayahitaji kwanza kumpendeza mgeni. Yanaweza kuanzia kwa kijana anayekaa Mbotela, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba jina la kituo chake cha matatu lilikuwa la mtu, na kwamba katika ukoo wa mtu huyo alitoka mwandishi wa kitabu.